Geti la deikea yangu lina bendera ya chama, wazazi wanaondoa watoto mmoja mmoja. Niishushe au niiache?

Shikamoo shangazi. Naomba jina langu lisitoke maana Mtwara hii ni ndogo, ukikohoa Magomeni unaambiwa pole Shangani.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina deikea hapa mjini. Nilianza 2019 na watoto wanne tu, barazani kwangu, mama zao wanauza samaki feri wanatoka alfajiri hawana pa kuwaacha. Mungu akasaidia nikajenga vyumba viwili pembeni ya nyumba, nikafuatilia usajili, afisa ustawi wa jamii akaja akakagua choo, maji, uzio, jiko, hadi dirisha la chumba cha kulala, nikapata cheti. Hadi katikati ya mwaka jana nilikuwa na watoto 34 na mabinti wawili wananisaidia. Saa 4 uji wa lishe, mchana wali maharage au ugali na samaki, wanalala, saa 11 jioni wanachukuliwa. Na kipindi kama hiki cha kupulizia dawa mikorosho ndo nilikuwa najaza kabisa, wazazi wanahamia shamba mtoto anabaki na bibi, bibi ananiletea mimi.

Sasa shangazi, mume wangu ni katibu wa tawi la chama. Chama gani sitaji, sio kwamba naona aibu, mimi mwenyewe kadi ninayo na sijalazimishwa na mtu, nakipenda. Uchaguzi wa serikali za mitaa ule wa Novemba 2024 akaja na vijana wake wakasimika mlingoti wa bendera pale getini, geti lenyewe wakalipaka rangi za chama, na ule ukuta niliomlipa fundi achore twiga na pomboo wakabandika mabango ya mgombea. Sikusema kitu. Kiwanja ni chake, amekirithi kwa baba yake, na kwakweli niliona kawaida tu, duka la jirani lina bendera, kijiwe cha boda kina bendera, banda la chipsi lina bendera, nani anauliza.

Alafu mgombea akapita mtaani kwetu. Mume wangu akapiga simu asubuhi watoto watoke nje wampokee. Tukawapanga pale getini, kila mmoja na kibendera mkononi, wakapewa juisi na biskuti, wakafundishwa wimbo, wakapigwa picha. Jioni picha ziko Facebook, ziko kwenye stetasi za WhatsApp za watu nisiowajua, sura za watoto zinaonekana zote.

Kuanzia hapo wazazi wakaanza kunichunia. Hawagombani na wewe, ndo kinachoniuma. Mmoja anasema mtoto anahamia kwa bibi yake Mikindani, mwingine eti ada imembana wakati namuona kampeleka kwa mwenzangu anayetoza zaidi yangu. Kuna baba mmoja dereva wa bajaji, huyo ndo alikuja kuniambia usoni. Yeye ni wa chama kingine na kila mtu anajua. Mwanae wa miaka 3 alikuwa anaimba ule wimbo nyumbani wakati wanakula, mbele ya wageni wake, akamzaba kibao. Akaniambia hivi: mama, nimempiga mwanangu kwa sababu yako na siwezi kujisamehe na wewe siwezi kukusamehe. Akachukua begi la mtoto akaondoka. Godoro lake bado lipo kwangu, lina jina lake kwa maka peni.

Leo nina watoto 21. Binti mmoja kati ya wale wanaonisaidia siku hizi ananijibu kwa kuinamisha kichwa, baadae nikaja kujua kwao ni upande wa pili na siku ile ya mgombea nilimwambia avae kitenge cha chama akavaa.

Nikimwambia mume wangu tuishushe anasema ukishusha bendera mwaka wa uchaguzi watu watasema katibu kahama chama, na mimi mwenyewe naogopa hilo. Tena kikundi chetu cha kina mama tumepata mkopo wa halmashauri, wenzangu wananiambia usicheze na mkono unaokulisha. Na sasa kampeni zinaanza tarehe 28 Agosti 2025, uchaguzi 29 Oktoba, tayari tawi limeshasema mwaka huu mgombea atapita tena pale kwa watoto maana mwaka jana ilipendeza.

Je shangazi, mimi sina haki ya kuonesha chama changu kwenye biashara yangu mwenyewe? Mbona wa duka hasemwi? Na nikiishusha naishushaje bila kuvunja ndoa?

Mama D, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale kwenye kibao. Nitarudi hapo.

Kwanza haki yako. Unayo, mtu asikutishe. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni, ya 20 inakupa uhuru wa kujiunga na watu unaokubaliana nao, kwahiyo kuwa na kadi, kuvaa kofia, kwenda mkutanoni ukapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, hayo ni yako. Sitaki ujifiche. Na umefanya vizuri hukutaja chama, maana jibu langu lisingebadilika hata kidogo, kingekuwa cha kijani na njano au cha zambarau au kingine chochote ningekuambia haya haya.

Ila hiyo ibara ya 20 ukiisoma mpaka chini, kifungu kidogo cha 4, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Najua hukumpa yule binti kadi asaini. Lakini wewe ndo unamlipa mwisho wa mwezi, ukimwambia vaa kitenge hiki atavaa, atafanya nini? Hilo la binti ni dogo kulitengeneza na usiliache lipite wiki hii. Mkae wawili tu, umwambie nilikosea, kazini kwangu chama chako hakinihusu na hakitagusa mshahara wako. Maneno mawili tu, usimzungushe.

Sasa duka na deikea. Umeuliza mbona wa duka hasemwi na swali ni la haki. Mimi nikiingia dukani nanunua sukari nusu kilo natoka, dakika tatu, rangi ya bendera yake haijanigusa popote, na nikiona imenikera duka lingine lipo hatua ishirini. Kwako mtu anaacha mtoto wa miaka 2 saa 12 asubuhi anarudi saa 11 jioni. Mtoto huyo hawezi kusimulia alikula nini, alilia mda gani, nani alimbeba. Mzazi hana anachoshika isipokuwa imani yake kwako, na imani ile anaipima kwa vitu vidogo sana, usafi wa kucha za binti anayelisha, sauti yako ukiwa umechoka, na ndio, kilichosimama getini. Yule wa upande wa pili akiona bendera hafikirii sera za chama. Anafikiria je siku mwanangu akijisaidia nguoni atabadilishwa haraka kama mtoto wa mwanachama? Wewe unajua utambadilisha haraka, mimi nasoma barua yako naamini utambadilisha haraka. Yeye atajuaje? Na hawezi kukuuliza, ni swali la aibu, ndo maana wanakuambia ada imebana.

Na hapa kwetu Kusini bendera sio kitambaa tu, wewe umekulia hapa unajua. Mei 2013, siku inasomwa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini bungeni na habari ya bomba la gesi kwenda Dar ikawa imeshapamba moto, Mtwara hii ofisi zilichomwa, nyumba za watu zilichomwa, na baadhi ya wenye nyumba walilengwa kwa sababu ya upande wanaojulikana nao. Wengi wa wazazi wanaokuletea watoto leo walikuwa vijana au watoto wa shule siku zile. Alafu 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, 2020 likarudi CCM. Maana yake nini kwa geti lako, maana yake ni kwamba kinamama wa feri na madereva wa bajaji wanaopita pale asubuhi wamepiga kura pande zote mbili, na uji wameuchangia pamoja. Hujawahi kuwa na deikea ya chama kimoja hata siku ambayo wewe mwenyewe ulidhani ni hivyo.

Kuna kitu nataka ukijue maana naona hakisemwi sana. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, ile iliyorudisha vyama vingi, ilikataza vyama kuweka matawi sehemu za kazi na mashuleni. Enzi za chama kimoja matawi yalikuwepo maofisini na viwandani na watu wazima tunakumbuka ilikuwaje, bosi wako ndo huyo huyo kiongozi wako wa tawi, sasa ukigombana nae la kazi limekuwa la siasa na la siasa limekuwa la kazi. Bendera sio tawi, kwahiyo sikuambii umevunja sheria hapo. Nakuambia waliokaa wakaandika vile walikuwa na sababu, na sababu yenyewe inakaa getini kwako leo, mume ni katibu, mke ndo mlezi, mzazi mwenye malalamiko aende wapi?

Lakini mwanangu, bendera sio kubwa kwenye barua yako. Wewe umeiweka kwenye kichwa cha habari, mimi kikubwa naona ni picha.

Bendera ni ya watu wazima na inashuka kwa kamba. Wale watoto walipangwa juani na kibendera mkononi, wakafundishwa wimbo wasioujua maana yake, wakapigwa picha, na picha zikaenda mahali ambapo wewe wala mume wako wala mgombea hamna uwezo wa kuzirudisha. Hakuna mzazi hata mmoja aliyeulizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009, hiyo hiyo inayotoa utaratibu wa cheti chako, inaanza na jambo moja, maslahi ya mtoto yatangulie kwenye kila kinachofanywa juu yake. Sasa jiulize siku ile kilichotangulia ni nini? Mtoto wa miaka 3 ana miaka 15 mbele yake kabla hajaruhusiwa kupiga kura. Hana chama. Anapenda wimbo kwa sababu una makofi, akauimba mezani kwao kwa furaha akitegemea baba atapiga makofi kama mlivyopiga nyie, akazabwa kibao.

Baba yule alikosea na anajua amekosea, kasema mwenyewe. Ila usijifiche nyuma ya mkono wake. Wimbo ulitoka kwako. Sikuandikii hivi nikuumize, nakuandikia kwa sababu barua yako nzima inauliza kuhusu bendera, ndoa na mkopo, na kwenye hilo la mtoto umesema tu kinachoniuma ni kuchuniwa. Kaa nalo kidogo kabla hujaenda mbele.

Kwahiyo hilo la mgombea kupita tena mwaka huu jibu ni hapana, na hilo halina mazungumzo. Sio hapana ya chama, ni hapana ya mlezi. Akipita mtaani apite, wewe ukitaka kwenda kumpokea vaa kitenge chako nenda, saa za kazi zikiisha. Watoto wanabaki ndani na uji wao. Liseme mapema kabla ya tarehe 28 Agosti maana wakishapanga ratiba na kuchapisha itakuwa ugomvi, sasa hivi bado ni maongezi. Na useme hivyo hivyo kwa chama chochote kitakachokuja, hata kile usichokipenda, ili siku ukiulizwa uwe na jibu moja.

Mkopo. Hapa nilikasirika kidogo, sio na wewe, na hao wenzako wa mkono unaokulisha. Hakuna mkono wa chama pale. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba, imewekwa kwenye sheria tangu 2018. Mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, ushuru wa samaki, ushuru wa mazao, leseni za biashara. Yule baba wa bajaji aliyeondoa mwanae, mkewe akipanga nyanya sokoni akakatiwa risiti, kachangia mkopo wako. Lipeni marejesho kwa wakati, hicho ndo kinachowalinda.

Sasa mume wako, huyu mkwe wangu, na ndipo nadhani ulikuwa unataka nifike haraka.

Usimwendee na neno kushusha. Mwanaume ni katibu, anasimama mbele ya watu, ukimwambia shusha mwaka wa uchaguzi umemwambia ajivue nguo barabarani, na hofu yake sio ya kijinga, watu kweli watasema. Mwendee na hesabu. Chukua daftari la ada, kaa nae usiku watoto wakilala, mfungulie ukurasa wa katikati ya mwaka jana majina 34 na ukurasa wa mwezi huu majina 21, umsomee yale 13 moja moja kwa majina ya baba zao. Anawajua wote, wengine wamezikana. Usiongeze neno. Alafu mwambie habari ya kibao, maana nahisi hajaisikia vizuri au kaisikia kama maneno ya mpinzani.

Baada ya hapo umwambie tuhamishe. Kuhamisha sio kushusha. Nyumba yenu ipo pembeni na ina mlango wake, mlingoti uende pale kwenye baraza lenu, upepee juu kabisa, kila mtu mtaani ataona katibu yupo na bendera yake ipo. Geti na ukuta virudi kwa watoto. Yeye mwenyewe awe wa kwanza kumwambia mwenyekiti wake wa tawi kwamba tunahamishia nyumbani kwa sababu pale ni kituo cha watoto na wazazi ni wa vyama vyote, asisubiri waje wamuulize. Mtu anayesema kabla anaonekana ana msimamo, akisubiri kuulizwa ataonekana kabadilika.

Na fanyeni siku moja na kupaka rangi. Geti lipakwe lote, mabango yatoke, umwite tena yule fundi achore twiga na pomboo wake. Mtu akipita akikuta ngazi, makopo ya rangi na pomboo anaona deikea inapendezeshwa, hatoona bendera imeng'olewa. Picha za Facebook muombe mkwe azitafute kwa wale vijana wake wazifute zinazofutika. Hazitafutika zote. Wazazi uwaambie hivyo, usiwadanganye zimekwisha.

Wazazi usiwaite kikao. Kikao kitageuka mkutano wa siasa kabla chai haijamiminwa. Waandikie karatasi moja fupi, mistari mitano, kila mmoja apewe mkononi jioni akija kuchukua mtoto: kwamba mwaka jana watoto walihusishwa kwenye kampeni bila ruhusa yenu, nilikosea, haitatokea tena kwa chama chochote, na kuanzia sasa picha ya mtoto haipigwi hapa bila mzazi kusaini. Usiweke maelezo ya kwanini ilitokea, kila neno utakaloongeza litasomwa kama kujitetea.

Utaniuliza na mume akikataa je? Akikataa bendera leo, isiwe sababu ya kulala mgongo kwa mgongo, mpe wiki mbili arudi kwenye lile daftari mwenyewe. Ila la watoto kupangwa getini hilo usisubiri ruhusa ya mtu. Cheti kile kiko kwa jina lako, siku afisa ustawi akija kuuliza ni wewe utakayejibu, na mkwe kama ni mtu wa uongozi kweli atalielewa hilo.

Kuna mzazi hatopata karatasi yako kwa sababu haji tena getini. Huyo umfuate. Jumamosi, mchana, wakati bajaji imepaki anakula, nenda kwake na mguu wako na usivae rangi yoyote ya chama, nenda na khanga ya kawaida. Usiende na zawadi na usiende kumwomba arudishe mtoto. Mwambie nimekuja kuomba radhi kwa wimbo. Kama atakufokea mwache amalize. Kama mtoto atatoka ndani akakukimbilia, na watoto wa miaka 3 ndo walivyo, mbebe kama ulivyokuwa unambeba alafu umrudishe kwa baba yake. Na lile godoro usimpe mtoto mwingine bado, lianike juani Jumapili, likunje, liwekwe pale pale lilipokuwa.